Mwizi Aliyeng'arisha Gitaa

Meza ilikuwa tupu. Katikati ya karakana kulikuwa na meza ndefu ya mbao, juu yake kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa madoa ya mafuta ya taa yaliyochora umbo la kitu ambacho hakikuwepo. Hilo ndilo lililokuwa eneo la tukio.

"Lilikuwa hapa," alisema Fundi Bisibisi, akipiga meza kwa kiganja. "Nimetoka kwenda kula. Narudi, hola."

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani inayomteremka puani kila dakika. Kituo kizima kilimwita Nieleze, kwa sababu hajawahi kuanza mahojiano kwa neno jingine. Nyuma yake Koplo, mtu mnene anayependa muziki kuliko kazi, alikuwa amekwisha kufungua sanduku na kuanza kunyunyiza unga wa alama za vidole kila mahali, pamoja na kwenye chai ya Fundi.

"Nieleze," alisema Inspekta. "Kimeibiwa nini hasa?"

"Gitaa."

"Magitaa yanaibiwa kila siku. Mbona mkuu wangu amenipigia simu kana kwamba benki imevunjwa?"

"Hili si la kubeba kifuani, mama. Linalala juu ya miguu minne, na mpigaji anakaa nyuma yake kama karani. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia unadonoa. Chini kuna pedali tatu za mguu wa kushoto. Ukikanyaga, pedali inavuta ufito, ufito unavuta uzi, noti inapanda taratibu mpaka unasikia mtu analia kwa raha. Mji mzima lilikuwa hilo hilo moja, na ni la zamani kuliko huyu koplo wako."

"La nani?"

"Langu," ilisema sauti mlangoni.

Nani asiyemjua Mzee Mtelezo? Jina alipewa na wachezaji, kwa vile noti zake hazikuruka kutoka hapa kwenda pale, ziliteleza. Aliingia akiwa ameegemea bega la mkewe, akiukokota mguu wa kushoto.

"Viatu vipya," alisema kabla hajaulizwa.

Inspekta alivitazama viatu. Vilikuwa na umri wa kutosha kupiga kura.

Mke alisalimia kwa kichwa tu. Bendi ilimwita Bi Kimya, na hakuna aliyemlaumu, maana mumewe alikuwa akimaliza maneno yote ya nyumba ile kabla ya kifungua kinywa.

"Mwizi huyu hapa," alisema Mzee, akimnyooshea Fundi kidole. "Mfungeni pingu twende zetu."

"Mimi, Mzee? Tumekula sahani moja tangu tuna nywele."

"Nilikukabidhi gitaa. Sasa nimekabidhiwa kitambaa. Jumamosi mwenye hoteli anakuja kuchukua mali yake, tumeshakubaliana. Lisipopatikana mpaka hapo, wewe ulale mahabusu, na mimi na wewe tusijuane tena mpaka kaburini."

Fundi alishika kile kitambaa cheupe, akaanza kukikunja. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini hayo ya mwisho yalimkata maini, na kila mtu aliona.

"Kwa nini unaliuza?" aliuliza Inspekta.

"Nimechoka na muziki."

"Hivi hivi?"

"Mtu hachoki? Wewe huchoki na kuuliza maswali?"

"Bado," alisema Inspekta, akamgeukia Fundi. "Nieleze. Lilikuwa katika hali gani?"

"Nimelifungua lote. Fito, springi, mihimili, pedali, miguu, kila kitu kando. Huyu bwana miaka nenda rudi amelipaka grisi kama mkokoteni. Grisi imeganda, pedali ukizikanyaga hazirudi. Nimeloweka vyuma kwenye mafuta ya taa, asubuhi nimevitoa vikauke."

"Grisi ni ulinzi," alisema Mzee.

"Grisi ni gundi. Gitaa hili linataka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo, likizidi ni uchafu. Nimekwambia mara ngapi, tena mbele ya shemeji?"

Bi Kimya alikuwa anatazama kucha zake.

Inspekta alizunguka chumba polepole. Kufuli lilikuwa zima. Funguo, alikiri Fundi, hukaa ndani ya kopo la rangi nje ya mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Mimi najua," alisema Koplo. "Nilikuja kuchukua redio yangu hukuwepo, nikajifungulia."

Inspekta aliandika hilo, akaendelea kuzunguka. Dril mpya ya umeme ilikuwa rafuni. Tarumbeta ya shaba iliyokwisha kutengenezwa ilikuwa imening'inia ukutani. Karibu na dirisha, ndani ya kisosi, kulikuwa na kucha za chuma ambazo Mzee huvaa vidoleni anapodonoa nyuzi.

"Kwa hiyo hivi vimeachwa. Pamoja na vile vyuma, kimeondoka nini kingine?"

Fundi alihesabu kwa macho. "Kile kipande cha kutelezesha. Na waya. Waya wa kuchomeka kwenye amplifaya, tena mbovu, nilitaka kuutupa."

Inspekta alisukuma miwani juu. Mwizi wa kuuza angebeba dril. Mwizi wa chuma chakavu angeanza na tarumbeta. Huyu alikuwa ameacha vyote hivyo akachukua waya mbovu.

"Huyu hataki kuuza," alisema. "Anataka kupiga."

"Bila kucha?" Mzee alicheka. "Vidole vitamtoka damu."

"Hilo nalo nimeliona."

Ng'ambo ya barabara alikaa mshona viatu, mtu ambaye kazi yake ni kuangalia miguu ya watu, na kwa hiyo shahidi mbaya sana wa nyuso.

"Nieleze. Mchana huu umemwona nani akitoka pale na mzigo?"

"Hakuna, afande."

"Hakuna aliyepita kabisa?"

"Kupita wamepita. Wanafunzi. Muuza maji. Mama mmoja na toroli la nguo za kufua, limejaa mpaka juu."

"Mama gani?"

"Mama tu. Sasa nianze kumuuliza mama wa watu habari za mashuka yake?"

"Toroli lilikuwa linakwenda vipi?"

Mshona viatu alifikiri. "Zito. Likipita kwenye mashimo lilikuwa linalia vyuma."

Inspekta alimshukuru na kuondoka bila kumwambia Koplo neno, jambo lililomuudhi sana Koplo.

Siku mbili baadaye, Alhamisi asubuhi, walikwenda hotelini. Mwenye hoteli aliwapokea mapokezini, amevaa suti inayong'aa kwenye viwiko, na mkononi ameshika futi ya kupimia.

"Nimesikia," alisema. "Nimesikitika mno. Kioo nimeshakiagiza."

"Kioo cha nini?"

"Cha kuweka juu yake. Miguu minne ile, umbo lile refu. Nafunika kioo, naweka maua katikati, kando naweka daftari la wageni. Itakuwa meza ya pekee."

Koplo alishika kaunta. "Unataka kulifanya meza ya maua?"

"Zile pedali tunaziondoa, zinazuia kufagia."

"Nieleze kitu kimoja," alisema Inspekta, akimvuta Koplo nyuma kwa mkanda. "Mzee anajua mpango huu?"

"Anajua. Alikuja na mkewe, nikawaonyesha na mahali penyewe. Mzee alisema fanya utakalo. Mama hakusema kitu."

"Hakusema kitu kabisa?"

"Aliuliza kama maua yatakuwa ya plastiki."

Nje, Koplo alitembea kwa hasira mpaka kwenye gari. "Afande, kama mwizi amelificha lisifike huku, mimi simkamati. Nitajiuzulu."

"Utalipwa pensheni gani? Ingia ndani. Nani mjini hapa ana amplifaya ya zamani inayokubali waya ule?"

Mtu wa kuulizwa hilo alikuwa mpiga kinanda wa bendi ya Mzee, ambaye siku hizi anauza magodoro. Walimkuta amelala juu ya bidhaa yake.

"Mimi niibe?" alisema bila kuinuka. "Niibe gitaa ambalo likitoa mlio mmoja tu mtaa wote unajua ni la nani? Heri niibe kengele ya shule."

"Sikukushutumu. Amplifaya za bendi ziko wapi?"

"Stoo, nyuma ya ukumbi tuliokuwa tunapigia. Tangu bendi ilale ziko huko, zinalelewa na panya."

"Funguo anao nani?"

"Ziko mbili. Mmoja huu hapa. Mwingine uko nyumbani kwa Mzee, umetundikwa jikoni."

Koplo alifungua mdomo. Inspekta alimkanyaga mguu.

Stoo ilikuwa na harufu ya vumbi na kitambaa cha pazia. Lakini katikati palikuwa pamefagiwa, na hapo, juu ya miguu yake minne, lilikuwa limesimama gitaa. Si vipande. Lilikuwa limeunganishwa lote, waya umechomekwa, benchi nyuma yake, na linang'aa hata Koplo akavua kofia.

Alinyunyiza unga juu, pembeni na chini ya tumbo. Hakuna alama hata moja.

"Kafuta kila mahali, afande. Mwizi gani anang'arisha alichoiba?"

Inspekta alikuwa amepiga magoti na tochi. Kila kiungo cha chini kilikuwa na tone moja la mafuta mepesi, na hapakuwa na grisi popote. Alikaa hapo sakafuni kwa muda, akiwa amefurahi sana, kama mtu aliyekuta kiti cha basi karibu na dirisha.

"Tusiliguse," alisema. "Niitie Mzee. Niitie Fundi. Na mwambie Mzee aje na wa kumwegemea."

Walifika Ijumaa asubuhi. Fundi alisimama mbali na Mzee, Mzee alisimama mbali na Fundi, na Bi Kimya alikuwa katikati akibeba uzito wa mumewe. Mzee alipoliona gitaa, aliliachia bega la mkewe akaenda mwenyewe, akijikongoja, mpaka kwenye benchi. Uso ulimlegea kwa furaha, akasahau kabisa kwamba amechoka na muziki.

"Mpenzi wangu," aliliambia gitaa.

Mkewe alikohoa.

Mzee alishika kile kipande cha chuma. Kisha, akidhani hakuna anayeona, aliuinua mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili na kuuweka juu ya pedali. Mguu uliteleza ukaanguka. Aliuweka tena, ukaanguka tena. Hapo akaangua kicheko cha kujilazimisha, akainama, akaibonyeza pedali kwa mkono huku akidonoa uzi kwa mwingine.

Noti ilitoka, lakini haikuwa yake. Alibonyeza ya pili, sawa. Akabonyeza ya tatu, akanyanyua kichwa.

"Fundi, umenigeuzia pedali."

"Sijakugeuzia kitu. Mimi mara ya mwisho nimeliona likiwa vipande."

"Ya kwanza imekuwa ya mwisho, ya mwisho imekuwa ya kwanza."

Fundi alisahau ugomvi, akajilaza chali chini ya gitaa. Sauti yake ilitoka huko ikiwa na mshangao wa mtu wa kazi. "Fito zote mahali pake. Springi sawa. Mafuta tone tone, ndivyo hasa. Aliyeunganisha anajua kila kitu, Mzee. Ila kushoto kakuita kulia."

"Basi ni mjinga," alisema Koplo.

"Si mjinga," alisema Inspekta.

Alichukua kiti cha kukunja kilichokuwa ukutani, akakiweka mbele ya gitaa, akakaa uso kwa uso na Mzee.

"Nieleze, Mzee. Kwa kawaida pedali yako ya kwanza iko upande gani?"

"Kushoto kwangu."

"Kushoto kwako. Mimi niliyekaa hapa naiona kulia. Mtu aliyejifunza gitaa hili akiwa amekaa hapa, bila kukaa hapo ulipo wewe hata siku moja, akija kuliunganisha kutoka upande wako huo kwa kumbukumbu ya macho yake, ya kwanza ataiweka wapi?"

"Kulia," alisema Fundi kutoka chini.

"Basi nieleze jambo moja la mwisho. Miaka yote uliyopiga, nyumbani na ukumbini, nani alikaa hapa mbele?"

Mzee alicheka. "Hapo? Hapo hajawahi kukaa mtu isipokuwa..."

Hakumaliza. Koplo alitazama dari. Fundi aliamua kubaki chini ya gitaa.

"Mama watoto?" alisema Mzee.

Bi Kimya alifungua mkoba wake, akatoa funguo wa stoo, akauweka juu ya goti la Inspekta.

"Ni mimi," alisema.

"Una haki ya kunyamaza," alisema Inspekta.

"Nimeshanyamaza vya kutosha. Ni mimi na toroli la dada yangu. Lile kopo la funguo mtaa mzima unalijua. Nilipanga vyuma chini, mashuka juu. Mafuta ni ya cherehani yake. Kuunganisha kulinichukua jioni ile na siku nzima ya kesho yake."

"Nani alikufundisha?"

"Huyu mume wangu. Kila alipokuwa anajilaza chini yake kufunga skrubu, nani alikuwa anamshikia taa? Nilisimama mbele, taa mkononi, naangalia. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama naelewa."

"Na kucha mbona uliziacha?"

"Zilinipwaya."

Mzee alikuwa bado ameshika chuma. "Lakini kwa nini? Ungeniambia."

"Nilikwambia. Ulipotaka kuliuza nilikwambia usiuze. Ukasema umechoka." Aligeuka akamtazama usoni. "Hukuchoka. Mguu wako umekataa. Nimeuona mguu wako kabla hujauona wewe, maana mimi ndiye nilikuwa nautazama. Ulianza kuchelewa kwenye pedali ya pili. Halafu ukaanza kuchagua nyimbo zisizotaka pedali. Halafu ukasema viatu."

Mzee aliinamisha kichwa, na alipozungumza sauti ilikuwa ndogo.

"Niliona aibu. Kulala nalo chumba kimoja limenyamaza, nilishindwa. Nikasema heri lisiwepo."

"Likawekwe maua ya plastiki," alisema Bi Kimya. "Nilitaka nijifunze kulipiga mimi, nikupigie uache kusema upuuzi. Nimekaa hapa juzi usiku nikajaribu. Mikono yangu haijui lolote, panya wamehama. Lakini miguu, baba watoto, miguu inajua. Kisha nikakumbuka ulivyosema Fundi atalala mahabusu, usingizi ukanitoka. Leo ningesema hata msingeniuliza. Shemeji, nisamehe."

Fundi alitoka uvunguni, vumbi kichwani. "Mimi nimeshasahau," alisema, ingawa macho yalikuwa mekundu. "Anayetakiwa kuniomba radhi ni yule aliyesema kaburini."

Mzee alimnyooshea mkono. "Nimekukosea, ndugu yangu. Nilikuwa na hasira na mguu, nikakupiga wewe."

Walishikana mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyotakiwa.

Inspekta alikohoa. "Mlalamikaji, unaendelea na malalamiko?"

"Ya nini? Mke wangu kachukua kitu cha nyumbani, kakipeleka stoo ya bendi, kakisafisha. Nimshitaki kwa usafi?"

"Na mwenye hoteli?"

"Mwambieni mali haiuzwi."

Koplo alikuwa tayari ameshapiga simu. Alimweleza mwenye hoteli habari hiyo kwa furaha ambayo haifundishwi chuo cha polisi, kisha akampa jina la duka la fanicha.

Fundi alitoa bisibisi mfukoni. "Basi nizirudishe pedali zilivyokuwa. Kazi ya saa moja."

"Usiguse," alisema Bi Kimya.

Wote walimtazama. Alikwenda kwenye benchi, akamsukuma mumewe kwa nyonga. "Sogea."

Mzee alisogea kulia. Bi Kimya alikaa kushoto kwake, bega kwa bega, akavua kiatu, akaweka mguu juu ya pedali zake zilizogeuzwa. Inspekta alikuwa bado amekaa kwenye kiti cha mbele, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake hakuwa na la kuuliza.

"Nikisema sasa, unakanyaga," alisema Mzee. "Sawa? Nitakuwa nakwambia."

"Piga."

Mzee alivaa kucha ambazo Koplo alikuwa amezileta kama kielelezo, akaweka chuma juu ya nyuzi. Noti ya kwanza ilitoka wazi, ikateleza, ikafika mahali ambapo miaka yote mguu wake ulikuwa unaingia. Mzee alivuta pumzi ili aseme sasa, na noti ikapanda kabla hajasema.